Tumehama kukimbia kodi, mbona hela ndiyo inakimbia?

Shikamoo Mama Mkubwa,

Mimi ni mama wa watoto watatu, naishi Nala hapa Dodoma. Tumehamia mwezi wa saba. Kabla ya hapo tulipanga Chang'ombe miaka sita, na ukweli ni kwamba moyo wangu bado uko huko.

Mume wangu ni dereva katika ofisi moja ya umma kwenye Mji wa Serikali, Mtumba. Makato yakishatoka anabaki na 620,000. Mimi nilikuwa na genge pale Chang'ombe: nyanya, vitunguu, mchicha, dagaa, mkaa wa kopo. Mwezi ukienda vizuri nilikuwa nabaki na 200,000 yangu.

Kodi ilikuwa 120,000, tunalipa ya miezi sita kwa mkupuo. Kila miezi sita ikikaribia, nyumba yote inakuwa na hasira, hata watoto wanajua. Mwezi wa sita mwenye nyumba akatuambia anapandisha. Mume wangu akasema basi, silipi tena hata senti, tunahamia kwetu. Huko "kwetu" ni pagale, Mama. Vyumba vitatu na sebule, limeezekwa, lina milango ya mbele na nyuma, choo cha nje, umeme tumevuta. Plasta hakuna, dari hakuna, madirisha matatu yamezibwa kwa turubai. Lakini sikukataa. Nilipiga hesabu kichwani nikaona 120,000 kila mwezi inabaki ndani, kwa mwaka 1,440,000. Nilishaanza kuona friji imesimama jikoni.

Friji haijaja, na hiyo 120,000 sijawahi kuishika. Nimechukua daftari la mtoto nikaandika matumizi ya mwezi wa tisa, nakuwekea kama yalivyo.

Baba watoto anapanda bodaboda hadi barabara kuu 1,000, daladala hadi mjini 700, nyingine hadi Mtumba 800. Jioni anarudi vilevile. Hiyo ni 5,000 kwa siku, na kwa siku 22 za kazi ni 110,000. Chang'ombe alikuwa anatembea hadi kituoni, mwezi mzima ni kama 35,000. Watoto wawili bado wanasoma Chang'ombe. Asubuhi baba yao anawapakia kwenye bodaboda ileile, mshikaki, wanashukia njiani. Mchana wanarudi wenyewe. Nauli zao na bodaboda ya kurudi ni kama 40,000. Maji ya bomba hayajafika mtaani kwetu. Nanunua madumu ya mkokoteni, 400 kila dumu, sita kwa siku, jumla 72,000. Jirani yangu analeta boza la lita 5,000 kwa 60,000, lakini yeye ana simtanki kubwa, mimi nina ndoo na pipa. Umeme 25,000, na kule tulikopanga hiyo 25,000 ilikuwa inatosha maji na umeme vyote viwili. Halafu kila nikinunua LUKU mwanzo wa mwezi uniti zinakuja pungufu, sijui nani anazila.

Genge nimehamia nalo Nala, ila nyumba za huku zimetawanyika na nyingi hazijaisha. Nikijitahidi sana napata 90,000.

Na bado sijataja saruji. Mshahara ukiingia, kabla mimi sijaona hela ya unga, yeye ameshapita dukani ameshusha mifuko 15. Hiyo 255,000 imeondoka. Nikilalamika ananiambia, "Hii ni nyumba yako na wanao, unataka nikanywee pombe?" Nanyamaza. Mume wangu hanywi, na ni kweli anajenga kwa ajili yetu. Anasema nivumilie, barabara ya mzunguko itatutoa Nala hadi Mtumba bila kupita mjini.

Tunabaki na 208,000. Ndiyo ya kula watu watano, sabuni, daftari, michango ya harusi na misiba.

Sasa Mama, lililonifanya nikuandikie ni hili. Mwisho wa mwezi uliopita nilikopa 300,000 kwa watu wa kausha damu. Nilitaka kurudisha mtaji wa genge, lakini nusu yake tumekula. Narudisha 13,000 kila siku kwa siku 30. Nimeshalipa siku 11. Mume wangu hajui. Nikichelewa jioni wananipigia simu mfululizo, na wiki iliyopita mmoja aliniambia atakuja kubeba televisheni.

Nifanyeje? Nimwombe mume wangu turudi kupanga? Au nikope sehemu nyingine nimalize hili kwanza kimyakimya?

Mama wa watatu, Nala

Marahaba, mwanangu. Pole.

Nimesoma barua yako mara mbili, mara ya pili nikiwa na kalamu, kwa sababu miaka mingi nilikuwa karani wa mahesabu na ugonjwa huo haujanitoka. Daftari lako ni safi. Wengi wanaoniandikia huishia kusema "hela haikai", wewe umenionyesha inakokwenda. Kwa hiyo nami sitakuambia mambo ya juujuu.

Nianze na swali lako la mwisho. Usikope sehemu nyingine. Hata kwa shoga yako, hata kwenye kikoba, hata kwa wale wa kwenye simu. Ukikopa kimyakimya kulipa mkopo wa kimyakimya, utakuwa na siri mbili na marejesho mawili, na genge ni lilelile la 90,000.

Tazama ulichoingia. Umechukua 300,000, unarudisha 390,000 ndani ya mwezi. Hiyo 90,000 ya juu ni riba ya asilimia 30. Benki Kuu imewawekea wakopeshaji wadogo wenye leseni kikomo cha asilimia 3.5 kwa mwezi, ambayo kwa mkopo wako ingekuwa 10,500. Yeyote anayekutoza tisini badala ya kumi na nusu, muulize leseni yake, na muulize kwa upole mbele ya mtu mwingine. Akianza kufoka, umeshapata jibu. Na televisheni hawezi kuja kuibeba kwa sababu tu amekasirika. Akija, mpigie mwenyekiti wa mtaa, usimfungulie ukiwa peke yako na watoto.

Umebakiza siku 19, yaani 247,000. Namba hiyo nimeiangalia kwa muda, kwa sababu saruji ya mwezi mmoja ni 255,000. Mwezi mmoja tu bila saruji, na hawa watu wanatoka maishani mwako. Lakini hela hiyo iko mfukoni mwa mume wako, na hawezi kuitoa kwa jambo asilolijua.

Kwa hiyo utamwambia. Najua ndicho unachokiogopa kuliko hao wakopeshaji. Usimwambie jioni ametoka Mtumba, amebadilisha daladala mbili na vumbi la Nala liko hadi kwenye nyusi. Usimwambie mbele ya mama yake wala dada yake. Subiri Jumamosi, watoto wakiwa nje, umpe chai, uweke daftari mezani. Anza na daftari, mkopo uje baadaye. Mwachie asome mwenyewe jinsi 710,000 inavyokwisha, afike penyewe kwenye ile 208,000. Dereva wa ofisi anajua hesabu za mafuta, anajua gari likinywa kuliko kawaida kuna mahali linavuja. Akishauliza "sasa tumeishije?", hapo ndipo unamjibu tumeishi kwa mkopo, nimekosea kukuficha, na umebaki huu. Atakasirika. Ana haki ya kukasirika siku moja, hata mbili. Ila mtu anayeacha pombe akanunua saruji si mtu wa kuacha mkewe abebewe televisheni.

Sasa tuje kwenye hesabu yenyewe, maana hata deni likiisha, mkiendelea mnavyoendelea mtarudi hapohapo kabla ya Krismasi.

Mlipohama mlidhani mmetoa mzigo wa 120,000. Mmeutoa kweli. Lakini usafiri umetoka 35,000 ukaenda 150,000, na maji na umeme vimetoka 25,000 vikaenda 97,000. Nyongeza hizo mbili ni 187,000. Yaani kodi imeondoka na nyuma yake wameingia wapangaji wawili wanaokula zaidi ya kodi kwa 67,000. Ongeza 110,000 iliyopotea kwenye genge. Mmehama na pengo la 177,000 kila mwezi, na hapo hata mfuko mmoja wa saruji haujanunuliwa. Mume wako anajenga kwa bajeti ya Chang'ombe huku mnaishi kwa bajeti ya Nala. Simlaumu. Nasi tulipohamia kwetu, mimi na marehemu, tulilala tukitazama bati mwaka mzima, na kila senti iliyoonekana aliitia kwenye tofali. Niliuza vitenge vyangu viwili vizuri kabla hajaelewa kwamba tofali haliliwi.

Kurudi kupanga, hapana. Mmeshapita gharama ngumu, na nyumba tupu Nala itaibiwa hadi hizo nyaya za umeme. Tupunguze hao wapangaji wawili.

Usafiri ndio wenye tumbo kubwa. Nala mko magharibi, barabara ya Singida, na Mtumba iko mashariki, barabara ya Dar es Salaam, mji mzima umekaa katikati. Huwezi kuisogeza Mtumba. Barabara ya mzunguko ni kweli imepangwa kupita Nala na Mtumba, jumla yake ni kilomita 112.3, lakini nauli ya mwezi huu hailipwi na barabara. Siku daladala ya Nala hadi Mtumba itakapoanza kupita huko, ndipo ataandika nauli mpya kwenye daftari. Leo aulize kama ofisi yao, au ofisi ya jirani, ina basi la watumishi na linapita wapi. Hata likimchukua mjini tu, ni 1,600 kwa siku imebaki. Na bodaboda ya kwenda barabarani aiache. Anunue baiskeli iliyotumika (ya mtumba ya kwenda Mtumba, samahani, sikuweza kujizuia), aifunge kwa mwenye kibanda pale kituoni amwachie chochote kidogo. Nala hakuna milima. Bodaboda inamla 44,000 kwa mwezi, baiskeli itajilipa yenyewe haraka.

Watoto ndio walionikosesha usingizi. Bodaboda, dereva, baba na watoto wawili, saa kumi na moja alfajiri, barabara ya Singida inapita malori. Mshikaki huo ukome wiki hii, hata kabla ya deni. Watembee na baba yao hadi barabarani huku yeye anasukuma baiskeli. Na nenda sasa hivi, usingoje Januari, kwa mwalimu mkuu wa shule yao uanze taratibu za uhamisho, halafu kwa mwalimu mkuu wa shule ya msingi iliyo karibu na kwenu uhakikishe nafasi. Mwaka mpya ukianza waanzie huko. Shule za serikali hazina ada, kwa hiyo utakachokiandaa ni sare kama zinatofautiana. 40,000 nzima itarudi jikoni.

Kwenye maji unalipishwa kwa kukosa chombo. Dumu la lita 20 kwa 400 ni shilingi 20 kila lita. Boza la jirani yako, lita 5,000 kwa 60,000, ni shilingi 12. Wewe unatumia kama lita 3,600 kwa mwezi, ambazo kwa bei ya boza ni 43,200 badala ya 72,000. Kinachokutenga na hiyo bei ni simtanki. Zungumza na jirani mchangie boza hata kabla hujanunua tangi, aweke kwake, uchote kwa hesabu.

Na hapa ndipo ninapotaka hela ya saruji ya mshahara wa pili iende. Ya mshahara wa kwanza imalize deni. Kwa mshahara wa pili, yaani kabla ya mvua, mume wako anunue gata na simtanki, plasta isubiri. Dodoma mvua zetu huanza kushika Desemba, zikikata mapema Aprili umeshukuru. Ni chache, lakini bati halipotezi. Kila milimita moja ya mvua ikianguka kwenye mita moja ya mraba ya bati ni lita moja. Sijui paa lenu lina ukubwa gani, tuseme mita 80 za mraba: mvua moja ya milimita 20 inaleta lita 1,600. Hata ukipoteza robo kwenye gata zilizofungwa ovyo, hiyo ni siku kumi huoni mkokoteni. Mvua ya kwanza usiikinge, iache ioshe vumbi na kinyesi cha ndege. Ya kunywa chemsha. Huku mkingojea, nendeni DUWASA, mamlaka ya maji, wewe na majirani kwa pamoja, mpeleke maombi kwa maandishi kupitia mtaa, maana mtu mmoja huambiwa asubiri na kundi huulizwa mko nyumba ngapi.

LUKU ni jambo dogo, nikutoe wasiwasi. Hakuna anayekula uniti zako. Ni kodi ya jengo, 18,000 kwa mwaka kwa nyumba ya kawaida, inakatwa 1,500 kila mwezi unapoingiza umeme mara ya kwanza. Ukikaa mwezi bila kununua, inajilimbikiza. Na ile friji, usiikimbilie. Wenye matumizi madogo, yasiyozidi uniti 75 kwa mwezi, wamewekewa bei ya chini. Ukiwa nje ya kundi hilo, uniti moja inafika karibu mara tatu ya bei. Friji kuukuu inayonguruma usiku kucha itakuweka nje bila kukuaga.

Genge. Unasema Nala nyumba nyingi hazijaisha, umelisema kama malalamiko. Mwanangu, nyumba isiyoisha ina mafundi ndani yake, na fundi ana njaa saa nne asubuhi. Hao hawanunui fungu la nyanya, wananunua chai, chapati, maharage, ugali na mlenda. Anza na chupa mbili za chai na chapati thelathini, uone. Wengine watakuambia utalipwa Jumamosi. Wawili au watatu wawe kwenye daftari, wengine wote hela mkononi, maana fundi akimaliza lenta anahamia Ihumwa na deni lako. Nyanya endelea nazo, lakini usijaze meza kama ulivyokuwa unajaza Chang'ombe.

Ukitaka mtaji mkubwa zaidi huko mbele, fika kwa Afisa Maendeleo ya Jamii wa kata yenu uulize mikopo ya halmashauri ya vikundi vya wanawake. Inatoka kwenye ile asilimia 10 ya mapato ya ndani na haina riba. Inahitaji kikundi na subira, kwa hiyo si dawa ya mwezi huu. Ni ya mwakani, ukishawajua wanawake wenzako wa huko.

Kwenye chakula sitakubana, watu watano kwa 208,000 mmeshajibana vya kutosha. Nakuambia moja tu. Mahindi sasa hivi yanapanda, yataendelea kupanda hadi mavuno. Mwakani, mwezi wa sita au wa saba, mkiwa na akiba hata ya magunia mawili, changieni na majirani mkanunue Kibaigwa sokoni kwenyewe, mhifadhi kwenye mifuko isiyopitisha hewa, dumuzi wasiyamalize. Unga wa kupima kilo moja moja dukani ndio ghali kuliko wote.

Sasa nihesabu upya. Baiskeli ikinunuliwa, watoto wakihama shule, maji yakiwa ya boza, nauli itakuwa 66,000, maji 43,000, umeme 25,000. Jumla 134,000, na leo mnatoa 247,000. Kwa mapato yaleyale ya 710,000 mtabaki na 576,000. Hapo ndipo saruji ipewe fungu lake. Ningempa 100,000, isizidi, hadi chai ya mafundi ianze kuleta hela. Mifuko mitano badala ya kumi na tano. Hela hiyo aishike yeye, na ya jikoni uishike wewe, kila mmoja na bahasha yake tangu siku ya mshahara, na anayeishiwa aombe kwa mdomo, asichote.

Akikuambia mifuko mitano haijengi nyumba, mwulize ile 15 ya mwezi wa tisa imefika wapi. Nina shaka baadhi bado imekaa kwenye kona ya sebule inashika unyevu. Kama ni hivyo, aanze kuitumia hiyo kabla mvua haijaigeuza mawe.

Ukishafunga gata niandikie. Nataka kujua mvua ya kwanza mtakayoikinga imejaza tangi hadi wapi.

Mama Mkubwa